Kura ya Kumi

Nimefundisha historia na serikali katika sekondari ya Kizingitini kwa muda mrefu hivi kwamba wanafunzi wangu wa kwanza sasa wamo katika halmashauri ya shule, na wananiuliza kwa nini chaki zaisha upesi. Mimi ni mwanamke wa Amu mjini, yaani Lamu. Nililetwa Pate kwa barua ya uhamisho iliyosema ni kwa mwaka mmoja, na nadhani aliyeiandika alistaafu akanisahau. Kila muhula niliandika ubaoni aina za mabunge, aina za kura, jumuiya za nchi na nchi, na wanafunzi wakanakili. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kusimamia uchaguzi wowote, wala kugombea chochote. Demokrasia niliijua kama ninavyoijua theluji, kwa picha za vitabuni.

Kisha ukaja mtambo wa barafu.

Wafadhili fulani walikubali kuwapa wavuvi wetu mtambo wa kutengeneza barafu unaotumia sola, ili samaki na kambakoche wasiharibike kabla ya kufika sokoni. Mtambo ni mmoja. Visiwa ni vitatu: kwetu Pate, kwa maana ya Kizingitini, halafu Ndau, halafu Kiwayu. Sharti lao lilikuwa kwamba vijiji hivyo viunde umoja wa wavuvi wenye katiba, na umoja huo uamue kwa kura mtambo ukae wapi. Na ili tusikosee, wangetuletea mtaalamu.

Mwenyekiti wa wavuvi wa Kizingitini alinifuata shuleni likizo ya Agosti ilipoanza tu. Ni mtu mkubwa wa mwili na sauti, aliyezoea kuzungumza juu ya mngurumo wa injini, kwa hiyo hata akikuuliza hali mtaa mzima wajua kuwa u mzima.

"Mwalimu! Si wewe ndiye unayefundisha katiba?"

"Nafundisha, Bwana Mwenyekiti."

"Basi tuandikie moja. Ya heshima. Isiwe fupi."

Aliagiza katiba kama mtu anayeagiza kanzu. Nikakubali, na nakiri kwamba nilifurahi mno. Usiku na mchana nikawa natunga vifungu kichwani.

Mtaalamu alifika kwa boti kutoka hoteli ya Ras Kitau, alikolala siku mbili kupumzika na safari ya ndege. Alikuwa mama wa Kizungu wa miaka sitini na kitu, mwembamba, kofia yake imefungwa kwa kamba kidevuni, na Kiswahili chake kilikuwa cha chuo kikuu, kimenyooka kama rula. Tulimwita Daktari kwa kuwa ndivyo barua ilivyosema. Matokeo yake, asubuhi ya kwanza alikuta kina mama watatu wakimngoja nje, mmoja na mtoto mwenye sikio linalotoa usaha.

"Mimi ni daktari wa serikali linganishi," akawaeleza kwa upole. "Nalinganisha serikali za nchi mbalimbali."

"Na sikio je?" akauliza mama wa mtoto.

Daktari akavaa viatu, akaongozana naye mpaka zahanati. Tangu hapo kina mama walimpenda, ingawa walisikitika kwamba mtu amesoma miaka yote ile na hawezi kupiga sindano.

Kikao kilifanyika katika darasa langu la kidato cha pili. Wajumbe tisa, watatu kwa kila kijiji, wakajibana kwenye madawati ya watoto. Kizingitini iliongozwa na Mwenyekiti. Kiwayu iliongozwa na bibi mmoja mkavu, mwenye sauti ndogo na miwani iliyofungwa uzi, ambaye wanawe wote ni wazamiaji wa kambakoche na hakuna kati yao azamaye bila kumuaga. Ndau iliongozwa na bwana mnyamavu ambaye alisalimia, akaketi karibu na dirisha, na tukamsahau. Serikali iliwakilishwa na afisa wa uvuvi, bwana wa bara, Mkristo mwema, ambaye yeye na bahari hawakuwahi kuelewana. Kila akishuka botini alikaa kwanza kivulini, macho kafumba, mpaka ardhi itulie.

Tulifungua kwa Fatiha, afisa akainamisha kichwa pamoja nasi, na mimi nikasoma rasimu yangu. Nilikuwa nimefika kifungu cha nne afisa aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, hapa umeandika 'nti' na 'ndia'. Hati rasmi inataka 'nchi' na 'njia'."

Nikaona haya. Miaka yote hiyo nasahihisha insha za watoto, kumbe kalamu yangu mwenyewe, ikisisimka, yarudi Amu. Lakini kabla sijafuta, Mwenyekiti alisema kwamba kama ni hivyo basi katiba iandikwe kwa lugha ya Kizingitini, kwani Amu ina nini. Bibi wa Kiwayu akasema lugha ya Kizingitini ni ya Kiwayu iliyoharibika njiani. Daktari akaona nafasi ya kusaidia. Akatueleza kwamba katika umoja wa nchi za kwao Ulaya kila sheria hutafsiriwa kwa lugha zote za wanachama, ishirini na kitu, na bungeni kuna wakalimani vibandani wakizungumza wote kwa pamoja.

"Na samaki?" akauliza Bibi.

"Samaki gani?"

"Wakingoja hizo lugha ishirini zimalizike, hawaozi?"

Daktari akaandika kitu katika daftari. Tukakubaliana Kiswahili cha afisa, kwa sababu hakikuwa cha yeyote kati yetu, na hivyo hakuna aliyeshindwa.

Siku hiyo hiyo Daktari alitufundisha kuhesabu. Kwa chaki yangu alichora ubaoni njia mbili. Njia ya kwanza, kila mvuvi ana kura moja. Mwenyekiti alipiga makofi hapo hapo, maana Kizingitini ina wavuvi wengi kuliko hivyo visiwa viwili vikijumlishwa. Njia ya pili, kila kijiji kina kura moja. Bibi hakupiga makofi, alirekebisha miwani tu.

"Sisi ni wengi," alisema Mwenyekiti.

"Wengi wa nini?" akajibu Bibi. "Nusu yenu bahari mwaitazama mkiwa barazani."

Daktari aliingilia haraka, akasema kwamba kwao walipata shida hii hii, nchi kubwa na nchi ndogo, wakaamua kwamba jambo likipita lazima liungwe mkono na nchi nyingi na pia na watu wengi, vyote viwili. Akachora miduara miwili inayopandana. Ilikuwa nzuri sana, na hakuna aliyeitaka.

"Na kwenu wewe ni wapi hasa?" Mwenyekiti alimwuliza. Akataja nchi yake, ndogo, na kwa uaminifu wa kitaalamu akaongeza kwamba vyama vyao viliwahi kushindwa kuelewana baada ya uchaguzi, na nchi ikakaa zaidi ya mwaka mzima bila serikali mpya.

Kisha wajumbe wakaanza kumpa pole, mmoja mmoja, kama mtu aliyefiwa.

"Poleni sana, Daktari. Na watoto walisoma?"

"Walisoma."

"Hospitali?"

"Zilifanya kazi kama kawaida."

"Taka zilizolewa?"

"Zilizolewa, kila Jumanne."

Mwenyekiti akageuka taratibu akamtazama afisa wa uvuvi, mwakilishi pekee wa serikali aliyekuwa karibu. Wote tukamtazama. Afisa akatoa leso akafuta shingo.

"Kwao kuna maafisa," akasema. "Maafisa hubaki."

Ilikuwa jibu zuri, nami nimelitumia darasani mara nyingi tangu hapo.

Siku ya pili ndipo Daktari alipofanya kosa. Akizungumzia namna nchi ndogo zinavyolindwa, alitaja kura ya turufu, yaani haki ya mwanachama mmoja kusema hapana na jambo zima likafa. Alijiandaa kueleza kwa muda mrefu, maana alisema wanafunzi wake kwao huchukua wiki mbili kulielewa. Lakini hakuna mtu kisiwani asiyejua turufu. Hapa karata huchezwa baraza zote.

"Kumbe!" akasema Bibi wa Kiwayu, kwa mara ya kwanza akitabasamu. "Mngeanza na hilo. Na turufu ni nini leo? Kopa? Jembe?"

"Hapana, Bibi. Hii haibadiliki. Unayo siku zote."

"Siku zote?"

"Katika mambo makubwa, ndiyo."

"Na ni nani aamuaye kwamba jambo ni kubwa?"

Daktari akakiri kwamba hilo nalo, katika baadhi ya jumuiya, huamuliwa kwa kura ambayo nayo yaweza kupigiwa turufu. Bibi akakunja mikono kifuani. Kuanzia pale aliipiga turufu kwa kila kitu: nembo ya umoja, urefu wa hotuba za Mwenyekiti, pendekezo la kufunga madirisha, na hata samaki wa chakula cha mchana, kwa kuwa alisema ni wa juzi na yeye ana macho. Siku hiyo nzima azimio pekee lililopita bila pingamizi lilikuwa la kuahirisha kikao kwa sala ya adhuhuri. Daktari aliandika hilo nalo. Alisema hajawahi kuona chombo chochote cha kimataifa kikikubaliana kwa haraka namna ile.

Mchana huo nilikula naye barazani kwa mpishi wa shule. Wali wa nazi aliula vizuri, kamba walimshinda kuwabambua, nikambambulia. Nilimwuliza kama mikutano ya kwao huwa na utulivu zaidi, kwa sababu nilikuwa naanza kuona aibu kwa niaba ya visiwa vyote vitatu. Alicheka mpaka kofia ikamteremka.

"Mwalimu, jengo ninaloishi lina nyumba kumi na mbili. Kwa miaka mitatu tumeshindwa kukubaliana rangi ya mlango wa ngazi. Na mimi ndiye mwenyekiti."

"Basi mlango una rangi gani sasa?"

"Nusu kijani."

Nilimpenda kuanzia hapo. Nilikuwa nimemwogopa, nikidhani yeye ndiye mwenye demokrasia halisi na sisi tuna nakala.

Siku ya tatu ilikuwa ya kupiga kura mahali pa mtambo. Daktari alitaka kura ya siri, kwa karatasi. Mimi, katibu wa kikao na sasa msimamizi wa uchaguzi, nilikata karatasi kutoka daftari la mazoezi, nikaosha ndoo ya mafuta ya kupikia kwa sabuni mara mbili, nikatoboa kifuniko. Mtu akiingia nyuma ya ubao aandike jina la kijiji, akunje, atumbukize. Nilisimama kando ya ndoo nimevaa buibui langu jipya. Sijui niseme nini. Nilijiona kama mtu wa maana katika dunia hii.

Tisa walipita. Nikaimwaga ndoo juu ya meza mbele ya wote, nikazifungua karatasi na kusoma kwa sauti, na afisa akawa anachora vijiti ubaoni. Kiwayu, tatu. Ndau, tatu. Kizingitini, nne.

Mwenyekiti alisimama na dawati likasimama naye, maana lilikuwa limemnasa mapajani. "Alhamdulillahi! Nne!"

Bibi wa Kiwayu hakuinuka. Alihesabu kwa kidole hewani, polepole.

"Tatu na tatu na nne," akasema, "ni ngapi, Mwalimu?"

"Kumi."

"Na sisi tu wangapi?"

Daktari alikuwa mweupe tangu azaliwe, lakini sasa alizidi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hili ni jambo zito, katika nchi nyingine uchaguzi hufutwa na watu hufikishwa mahakamani. Wajumbe wakaanza kutazamana. Kisha, kidogo kidogo, macho yakaenda kwa afisa wa uvuvi, mtu wa serikali, mtu wa bara, aliyesimama karibu na ubao tangu asubuhi.

"Mimi sikupiga!" akasema. "Mimi sina hata karatasi!"

"Ndivyo wanavyosema wote," akasema mjumbe mmoja wa Kizingitini, ingawa kura hiyo ilikuwa imewafaa wao.

Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Maana nilijua. Nilikata karatasi kumi, kwa sababu ukurasa wa daftari ukiukunja vizuri hutoa mbili, na tisa si idadi ya kukunja. Moja ilibaki mkononi mwangu. Na baada ya mtu wa tisa kutoka nyuma ya ubao, wote wakiwa wanajinasua madawatini na kujinyoosha, miguu yangu ilinipeleka huko. Sikupanga. Nilikuwa nimefundisha kupiga kura kwa miaka yangu yote ya kazi, na ndoo ilikuwa pale, imetoboka, na penseli imechongwa. Nikaandika, nikakunja, nikatumbukiza, nikarudi mahali pangu. Wakati ule nilihisi kwamba ni haki tu, kama mpishi anavyoonja.

Ningeweza kunyamaza. Niliwaza hilo, na nilishtuka jinsi lilivyonijia kwa wepesi. Lakini afisa alikuwa anatokwa na jasho, na huyu ni mtu aliyevuka mlango wa bahari anaouogopa mara sita kwa ajili yetu.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyeelewa, ikabidi niseme tena. "Kura ya kumi ni yangu. Nisameheni. Ilibaki karatasi."

Kwanza alicheka mjumbe wa nyuma, kisha dawati lake, kisha darasa zima. Mwenyekiti peke yake hakucheka, kwa sababu alikuwa ameshaanza kupiga hesabu. Bibi alivua miwani akafuta machozi kwa upindo wa leso.

"Mwalimu, na ulimpa nani?"

Nilijua nini cha kujibu. Angalau hilo nilikuwa nimelifundisha vizuri. "Kura ni siri, Bibi."

"Siri gani, na tatu tatu zatosha kujihesabu!" akasema, na kicheko kikaanza upya, na uso wangu ukawa moto kama kaango.

Tulirudia. Safari hii afisa alikata karatasi, tisa, mbele ya macho yetu, na mimi nikakalishwa mbali na ndoo, karibu na bwana wa Ndau. Matokeo: tatu, tatu, tatu. Kila kijiji kilijipa chenyewe. Mwenyekiti akasema basi wahesabiwe wavuvi wote, Bibi akapiga turufu. Bibi akasema basi mtambo uende Kiwayu kwa kuwa ndiko mbali zaidi na ndiko samaki huoza zaidi, Mwenyekiti akagundua kwamba na yeye ana turufu, akaipiga kwa raha kubwa. Wakatazamana. Joto lilikuwa limezidi na adhuhuri inakaribia.

"Kuna mahali ambapo hapajapigiwa turufu," akasema Daktari kwa tahadhari.

Vichwa vyote viligeukia dirishani. Bwana wa Ndau aliinua macho. Siku tatu alikuwa hajasema lolote ila "sawa" na "nipishe kidogo". Mwenyekiti alikuwa na hakika kwamba yuko upande wa Kizingitini, kwa sababu alikuwa akitikisa kichwa. Bibi alikuwa na hakika kwamba yuko upande wa Kiwayu, kwa sababu hiyo hiyo.

"Sisi tulikuja kusikiliza," akasema.

"Mwautaka au hamuutaki?" akanguruma Mwenyekiti.

"Mkituletea, tutaupokea."

Mpango wa Ndau ukapita. Mwenyekiti aliuunga mkono kwa sababu mtambo hauendi Kiwayu, na Bibi akauunga mkono kwa sababu haubaki Kizingitini. Ili mtu asirudi mikono mitupu, Kizingitini ikapewa uenyekiti wa umoja na Kiwayu ikapewa kuwa mwenyeji wa mkutano mkuu wa kila mwaka. Daktari alinong'ona kwamba miji mikuu kadhaa duniani ilichaguliwa namna hii hii, kwa kuwa hakuna mkubwa aliyemwachia mkubwa mwenzake, na kwamba amesoma habari za kuzaliwa kwa vyombo vingi ila hiki ndicho cha kwanza kuzaliwa mbele yake. Macho yake yalilowa. Wajumbe walidhani ni vumbi la chaki, wakamletea maji.

Kuhusu ukatibu, ilipendekezwa niondolewe kwa sababu ya kura ile. Kizingitini ikatoa jina, Kiwayu ikakataa. Kiwayu ikatoa jina, Kizingitini ikakataa. Ikaandikwa katika kumbukumbu, kwa mkono wangu, kwamba katibu wa sasa ataendelea kwa muda mpaka atakapopatikana asiye na doa. Bado hajapatikana.

Mtambo ulifika baada ya miezi mingi na uko Ndau, na hufanya kazi isipokuwa mawingu yakizidi. Boti za Kizingitini na za Kiwayu hukutana pale kuchukua barafu, na wenyewe hubishana nani alifika mwanzo.

Mwaka jana Daktari alinitumia makala aliyoandika juu yetu katika jarida la wasomi. Kwa kutulinda hakututaja majina. Kiwayu aliiita Kijiji A, Kizingitini Kijiji B, Ndau Kijiji C, na mimi nimo mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, kama "hitilafu moja ya kiutaratibu iliyosahihishwa kwa hiari". Nililisoma neno hilo mara nyingi, nikaona nimetendewa wema. Kisha nikaitafsiri makala yote mbele ya wajumbe.

Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, mikono mgongoni.

"B?" akasema. "Wengi kuliko wote, tuwe B?"

Nikamweleza kwamba herufi hazina maana yoyote, ni utaratibu wa wasomi tu. Akasema kama hazina maana basi haitakuwa taabu kuzibadilisha. Bibi akasema A imeshachapishwa na imekaa vizuri. Waliitisha kikao cha dharura, nami nikaagizwa kumwandikia Daktari barua rasmi, kwamba umoja unaomba herufi ziwe za zamu, mwaka hadi mwaka, kwa mfuatano utakaokubaliwa. Kikao cha kukubaliana mfuatano kimepangwa Jumamosi, baada ya alasiri. Nimeshaandaa karatasi, na afisa amesema atazihesabu mwenyewe.